Kumtumaini Mungu na Kutumainiana

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Chala



Kamati imeniomba niseme maneno machache juu ya ujasiri wa Mkristo. Nimekubali kwa moyo, ingawa natambua kwamba si rahisi kulisema neno hili mbele ya watu walioona mengi kuliko mimi. Sitahubiri, kanisani wapo wenye kazi hiyo, nao huifanya vizuri. Nataka tuyatazame mambo kadha yaliyotukia katika nchi yetu hii, kisha tuyaweke kando ya shauri ambalo Kamati italileta baadaye leo, yaani shauri la wenzetu walioshindwa kulipa ada.

Ziwa letu mnalijua. Halina mto wa kudumu uingiao wala utokao. Maji yake huja na kwenda chini kwa chini. Wazee wa zamani walisimulia kwamba hapo palikuwa na kijiji cha Wamaasai kilichoangamia, na kwamba yapo majira ambapo sauti za mifugo yao husikika kutoka chini ya maji. Hadithi hiyo aliisikia pia Charles New, mmisionari wa Kimethodisti wa Ribe, ambaye mwaka 1871 alifika hapa, naye ndiye Mzungu wa kwanza tunayemjua kuliona ziwa hili. Siwalaumu waliosimulia. Mahali penye kina kirefu hapakosi kumtia mtu hofu, na hofu hutafuta hadithi ya kujieleza.

Katika safari hiyohiyo Charles New alifika Moshi kwa Mangi Rindi, ambaye wageni walimwita Mandara, akaupanda mlima Kilimanjaro. Mara ya kwanza baridi iliwashinda watu wake, ikawabidi kurudi. Mara ya pili wakabaki nyuma mmoja baada ya mwingine, hata akawa na mtu mmoja tu, jina lake Tofiki. Tofiki akaenda naye mpaka nguvu zikamwishia. Ndipo New alipoendelea peke yake sehemu ndogo iliyosalia, akaigusa theluji. Vitabu vimeandika mengi juu ya New, na juu ya Tofiki vimeandika mistari michache. Mimi, kila niutazamapo mlima asubuhi mawingu yakiwa bado hayajaufunika, humfikiri Tofiki kwanza. Hakuwa na sifa ya kupata kule juu, wala hapakuwa na chama cha wasomi kilichokuwa kikimngoja London. Alikwenda kwa sababu mwenziwe alikwenda.

Hata hivyo ni lazima tuseme kweli yote. New alirudi Moshi mara ya pili, akanyang'anywa mali yake na Rindi yuleyule, akaugua, akafa njiani mwezi wa Februari 1875 kabla hajafika kwao Ribe. Na kabla yake alikuwako Johannes Rebmann, ambaye mwezi wa Oktoba 1847 alifika Kasigau. Husimuliwa kwamba alikuwa akisafiri na mwavuli tu mahali pa silaha. Mwaka 1848 aliiona theluji ya Kilimanjaro, akaandika habari zake, na mtaalamu mmoja wa London akamcheka kwamba theluji haiwezi kuwako chini ya jua la Afrika. Mwaka 1849 akanyang'anywa kule Machame. Alikaa Rabai hata mwaka 1875, akarudi kwao akiwa kipofu, akafa mwaka uliofuata. Kama kumtumaini Mungu kungekuwa hirizi ya kuzuia mabaya, watu hawa wangekuwa wa kwanza kutuambia kwamba hirizi yao ilikuwa mbovu. Nalisema hili kwa ajili ya wazazi waliomo humu ambao walikesha wakiomba, na mtoto akafa vilevile. Msimruhusu mtu yeyote awaambie kwamba imani yenu ilikuwa ndogo.

Sasa naja kwenye jambo lililo zito zaidi kwetu.

Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza, Wajerumani waliitwaa Taveta mwezi wa Agosti 1914, wakaishika mpaka Machi 1916, majeshi ya Jenerali Smuts yalipopita kwenye miinuko hii ya Chala na kupigana vita vikali pale Latema na Reata. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1915, Wajerumani waliukamata mlima Kasigau, kwa kuwa kutoka huko waliweza kuishambulia reli. Serikali ya Waingereza ikawashuku wenyeji kwamba wamewasaidia adui. Hawakuhukumiwa mmoja mmoja. Watu wote, wazee na watoto wachanga pamoja, waliondolewa mlimani, nyumba zao zikachomwa, wakapelekwa Malindi. Fikirini, ndugu zangu, mtu wa mlimani, aliyezoea ukungu na maji ya kijito, awekwe pwani kwenye joto na maradhi asiyoyajua. Wengi walikufa huko. Waliosalia baadaye walihamishiwa karibu na Taita, na hata hapo hawakuwa nyumbani. Miaka ya 1930 ndipo waliporuhusiwa kurudi. Mtoto aliyebebwa mgongoni siku ya kuondoka alirudi mtu mzima.

Sisemi kwamba watu wale wote walikuwa wameshika dini ya Kikristo. Sitaki kuivika historia kanzu isiyokuwa yake. Nasema kwamba walirudi wakiwa watu wamoja. Leo vijiji vya Rukanga, Jora, Kiteghe, Bungule na Makwasinyi vinauzunguka mlima ule, na siku ya Jumapili nyimbo za Kikristo zinasikika palepale Rebmann alipopita. Yawezekanaje watu waliotawanywa na kifo, tena waliobandikwa jina la wasaliti, wasijitenge wao kwa wao? Kwa maana shutuma ya namna ile ina sumu: kila mtu huanza kumtazama jirani yake na kuuliza, ni nani aliyetuponza?

Nabii Yeremia aliwaandikia watu wake waliokuwa mateka Babeli. Someni wenyewe sura ya 29. Hakuwaahidi kurudi kesho. Manabii wa uongo ndio walioahidi hivyo. Aliwaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, wauombee mji waliohamishiwa. Mimi naona ajabu kwamba neno la Mungu kwa watu waliovunjika moyo lilikuwa neno la majembe na harusi. Nabii anadhani watu wake watakuwa pamoja muda mrefu, kwa hiyo anawapa kazi ya kufanya pamoja. Tumaini lao kwa Mungu lilipaswa kuonekana katika jinsi walivyokaa na jirani zao.

Wazee wa Taveta nao walijua habari ya kukaa pamoja. Zamani za misafara kijiji chao kilikuwa ndani ya msitu, penye njia nyembamba na malango ya magogo, na mambo ya watu yaliamuliwa na baraza la wazee. Msafiri aliyetoka katika nyika kavu alipumzika humo bila hofu. Lango lile lilikuwa na kazi mbili: kumzuia adui, na kumpokea aliyechoka.

Wanachama wenzangu, na sisi tunalo lango. Kanuni zetu zasema kwamba asiyelipa ada kwa muda uliowekwa jina lake lifutwe, na familia yake isipate msaada wa mazishi. Kanuni hiyo ilitungwa kwa busara. Mtunza hazina wetu ana haki anaponung'unika, kwa sababu sanduku halijazwi kwa sala, na mwaka huu tumezika watu wengi. Lakini tazameni ni akina nani walio katika orodha yake. Wengi ni wale ambao mvua ziliwakatalia msimu baada ya msimu, tangu mwisho wa mwaka 2020 hata 2022, wakauza mbuzi wa mwisho, na walipopanda tena ndovu wakaja usiku wakayamaliza mahindi. (Wataalamu waliotoboa matope ya chini ya ziwa letu mwaka 2016, zaidi ya mita 200, wanatuonyesha kwamba ukame mkubwa umekuja na kuondoka hapa tangu kale na kale. Ni habari njema kwa mwenye subira, lakini haimlishi mtu.)

Kwenye mazishi moja mwaka huu nilimwona mama mmoja, ambaye sitamtaja, amesimama nje ya ua na mzigo wake wa kuni. Nilipomwambia aingie alijibu kwamba ataziacha hapo hapo, kwa kuwa yeye si mwanachama tena. Hakuna aliyekuwa amemfukuza. Aibu ndiyo iliyomfukuza kabla yetu, na alikuwa amembebea marehemu kuni umbali mrefu.

Basi ombi langu kwa mkutano huu ni hili. Kabla jina lolote halijafutwa, wazee wawili na waende nyumbani kwa mtu yule, wawili wawili kama Bwana wetu alivyowatuma wanafunzi wake, tena wasiende na kitabu cha hesabu. Wakae, wanywe chai kama ipo, waulize habari za watoto. Kisha wairudishie Kamati habari, na Kamati iamue kama ada ingojewe, au ilipwe kwa kazi, au kama kweli mtu huyo ametuacha. Najua wapo watakaosema kwamba wavivu watajificha nyuma ya wenye dhiki. Yawezekana wawili watatu watafanya hivyo, na wazee wetu wana macho.

Majina katika orodha ni kumi na saba. Katibu anayo. Wale walio tayari kwenda na wampe majina yao kabla ya chakula, na mimi mniandike kwa nyumba zile za upande wa ziwa, kwa kuwa njia yake naijua.