XL Bully: mbwa, sheria na mwenye mbwa

Tangu Februari 1, 2024, kumiliki mbwa aina ya XL Bully bila cheti maalumu ni kosa la jinai England na Wales. Waliobaki nao walilipa pauni 92.40, wakatakiwa kuwahasi, kuwawekea chipu na kuwakatia bima. Nje ya nyumba, mbwa afungwe kamba na azibwe mdomo. Watu wameuawa na mbwa hawa, watoto wakiwamo. Serikali isingeweza kunyamaza.

Wenye mbwa husimulia mengine: mbwa wao anavyolala miguuni pa watoto, na wapita njia wanavyovuka barabara wakimwona. Nawaamini. Ila upole wa sebuleni hautabiri atakavyomkabili mgeni, na mbwa mwenye taya kama zile akiuma, hakuna nafasi ya kuomba radhi.

Hata hivyo, sheria ya Uingereza ya mwaka 1991 ilipiga marufuku aina nne, pitbull ikiwamo, na mashambulizi hayakukoma. Wazalishaji walileta aina nyingine. Uholanzi iliamua mwaka 2008 kufuta marufuku yake ya pitbull. Mimi ningeanza na mzalishaji: ana kibali gani, anamuuzia nani, na watoto wa mbwa wanalelewa vipi kabla ya kuuzwa.