Twende Pamoja Tukaone Mahali pa Wazee

Leo tunasema na ninyi familia mliohama makwenu kwa ajili ya vita, na pia na ninyi machifu na wakubwa wa mitaa mnaowapokea. Neno letu ni moja: mahali pa kale na uzuri wa nchi hii si fimbo ya kumfukuzia mgeni. Ni shule ya wote, nasi twende tukajifunze pamoja.

Tuanze na Ziwa Kisale. Kutoka Kamina, njia ya reli inafika Bukama. Kutoka hapo unashuka mto Lualaba kwa mashua, katikati ya mafunjo marefu na ndege wa maji. Kando ya ziwa kuna mahali panapoitwa Sanga. Mwaka 1957 na 1958 wataalamu walichimba pale makaburi ya kale, mengi yakiwa na umri unaopita miaka 700. Walikuta vyungu vizuri sana, vyombo vya chuma na mapambo ya shaba. Katika makaburi ya watoto, vyungu vilikuwa vidogo. Mama unayesikiliza, unaona? Aliyezika pale alimpenda mtoto wake kama wewe unavyompenda wako.

Sasa fikirini: shaba haichimbwi Kisale. Ilitoka mbali, upande wa kusini. Kauri chache zilizoonekana katika eneo hilo zilitoka Bahari ya Hindi. Zilipita mikono ya watu wangapi, wa lugha ngapi? Wazee wale walijua kutengeneza na kuvua, lakini walijua pia kuacha njia wazi.

Tusogee sasa Kabongo, kwenye Ziwa Boya, ambalo Baluba wanalihesabu kuwa chimbuko la ufalme wao. Masimulizi ya wazee yanasema kwamba Nkongolo alipokea mgeni, mwindaji Mbidi Kiluwe, aliyetoka mashariki. Mgeni alikuwa na desturi ya kula kwa kujificha, na Nkongolo alikula mbele ya watu wote. Kwa jambo hilo la chakula walichekana, wakakosana, na mgeni akarudi kwao. Lakini Bulanda, dada yake Nkongolo, alimzalia mgeni yule mtoto. Mtoto huyo ni Kalala Ilunga, aliyekuja kuwa mulopwe mkubwa.

Wandugu, mfalme huyo wa Baluba alikuwa mtoto wa mgeni! Basi anayesimama katika mkutano na kusema, "Hawa ni watu wa kuja, waondoke," anakana masimulizi ya nyumba yake. Tumeona matunda ya maneno hayo. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika miji ya Katanga, hata waliozaliwa pale. Wengi walipita Kamina kwa treni, na njiani wengine walizika watoto wao.

Lakini mgeni naye ana wajibu. Mara nyingi ugomvi unaanzia kwenye mambo madogo: familia imekata kuni katika pori linaloheshimiwa, au imelima juu ya makaburi, kwa kutokujua. Mwenyeji anasema ametukanwa, na jioni watu wanashika panga.

Kwa hiyo ninyi machifu, msingoje kosa litokee. Familia ikifika, chagueni mzee mmoja awatembeze: hapa tunateka maji, hapa mnaweza kukata kuni, hapa tunapaheshimu kwa sababu hii. Watoto wa pande mbili waende pamoja na wasikie maneno yale yale.

Ninyi mliohama, ulizeni kabla ya kukata na kabla ya kulima. Mkikuta chungu cha kale au msalaba mdogo wa shaba, msiuze. Mwambieni chifu. Kitu kikishauzwa, historia yake inapotea, na mwenye kaburi hawezi kujitetea.

Kuna pia Hifadhi ya Upemba, iliyowekwa mwaka 1939. Kuna punda milia ambao ni haba sana katika Kongo yetu. Vita vimefika hata huko, na walinzi wameuawa kazini. Usiingie bila ruhusa yao.

Na ninyi mliohama, mna milima yenu, mito yenu na makaburi ya wazee wenu mlikotoka. Waelezeni wenyeji habari zake. Mtu akijua umeacha nini, hatakuita tena mtu asiye na kwao. Na siku barabara zitakapokuwa salama, mwalikeni naye aje kupaona.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kaeni na amani.