Mama wa Nyumba na Kazi Yake ya Kushona

(Hotuba ya mkatekista mbele ya wakristu, siku ya jubilei ya parokia)



Katika siku hizi za jubilei tumesikia mambo mengi mazuri. Tumesikia majina ya mapadri waliotutangulia, tumesikia jinsi misioni ilivyojengwa, na tumesomewa hesabu ya waliobatizwa. Halmashauri ya parokia ikaniomba niseme juu ya mama katika jamaa ya kikristu. Jambo hilo ni pana kama ziwa, nami sina mtumbwi wa kulivuka lote. Kwa hiyo nimechagua kazi moja tu ya mikono yake, yaani kushona.

Labda mmoja atauliza: je, sindano ina kitu gani cha kusema katika jubilei? Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Asubuhi hii mmewaona watoto wa Komunyo ya kwanza wakipita katika mavazi meupe. Mmeona kitambaa cha altare, na kile kidogo kinachotandikwa chini ya kalisi ili kupokea Mwili wa Bwana. Hakuna hata kimoja kilichoanguka kutoka mbinguni. Mama fulani alikaa kwenye barza yake, akakata, akashona, akafua, akapiga pasi, akaleta, kisha akaketi nyuma kabisa katika kanisa.

1. Mafundisho ya Maandiko Matakatifu

Maandiko Matakatifu hayakusahau kazi hii. Katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli tunasoma habari za Ana, mama aliyelia muda mrefu akiomba mtoto. Alipompata, alimtoa kwa Mungu, na mtoto akakaa mbali naye katika hekalu la Shilo. Mama yule angefanya nini tena? Kila mwaka alimshonea kanzu ndogo, akampelekea. Wafikirini vidole vyake: kila mwaka alipaswa kukisia urefu wa mtoto asiyemwona. Mama yeyote ambaye mtoto wake anasoma mbali anaelewa jambo hili kuliko mwalimu wa Biblia.

Na katika Matendo ya Mitume, sura ya 9, tunasoma habari za Tabita, aitwaye pia Dorkasi, katika mji wa Yopa. Alipokufa, wajane walimzunguka Petro wakilia, wakamwonyesha kanzu na mavazi ambayo Dorkasi aliwatengenezea alipokuwa hai. Hawakuwa na hotuba, wala hati, wala fedha. Walikuwa na nguo mikononi, na nguo zile ndizo zilizomshuhudia. Petro akapiga magoti, akasali, na mama yule akafufuka.

2. Jinsi kazi hii ilivyofika kwetu

Babu zetu hawakuishi uchi kama wengine walivyoandika. Katika msitu wa Walikale watu walibandua gome la miti fulani, wakaliponda kwa nyundo mpaka likawa laini na pana. Huku juu penye majani ya ng'ombe walivaa pia ngozi. Baadaye wachuuzi wakaleta merikani, kisha vitambaa vya rangi, na vikwembe vya viwanda vya Ulaya na vya nchi yetu wenyewe.

Mashini ya kushona ina historia yake pia. Mwaka 1830 fundi mmoja wa Ufaransa, Barthélemy Thimonnier, alipata hati ya serikali kwa mashini aliyoivumbua. Mwaka uliofuata washonaji wa Paris waliingia katika karakana yake, wakazivunja mashini zake, kwa kuwa waliogopa kufa njaa. Mwaka 1851 Isaac Singer wa Marekani akapata hati yake, na kampuni yake ikaanza kuuza mashini kwa malipo ya kidogo kidogo, ili hata maskini aweze kununua. Kile ambacho mafundi wa Paris walikiogopa kama njaa, kwetu kimekuwa chakula cha jamaa nyingi.

Zamani za Wabeleji, na hata baada ya Uhuru, kulikuwa na nyumba za mafundisho ya akina mama, tulizoziita fuaye. Huko wasichana walifundishwa kushona, kupika, kulea mtoto na kutunza usafi. Wenye akili wanasema leo kwamba nyumba hizo zilimfunza mwanamke kubaki nyumbani tu, hali ndugu zake wakifunzwa ukarani. Neno hilo lina ukweli. Lakini mama zetu walichukua sindano waliyopewa kwa ajili ya nyumba, wakaifanya njia ya kutoka nyumbani.

3. Siku moja ya mama

Niruhusuni nitoe mfano wa mama aliyenizaa. Sifanyi hivi kwa kujisifu. Ndiye ninayemjua vema, na wengi wenu mtamwona mama yenu ndani yake.

Alijifunza kushona kwa masista katika miaka ya kwanza ya 1970. Alikuwa bado mwanafunzi wakati serikali ilipotwaa maduka ya wageni, mwishoni mwa 1973, na uzi na sindano vikawa haba. Alitusimulia kwamba walifumua nguo kuukuu taratibu ili wapate uzi wa kushonea nyingine. Tangu hapo hakutupa hata kipande cha kitambaa kama kiganja.

Aliamka giza likiwepo. Alichota maji, akawasha moto, akatupikia uji, akaenda shamba la maharagi. Saa sita alirudi na kuni kichwani na mtoto mgongoni. Baada ya chakula, vyombo vikiisha kuoshwa, ndipo alipoketi penye mashini kwenye barza, akashona mpaka mwanga unakwisha. Taa ya petroli aliiogopa kwa sababu ya bei yake. Jioni mashini ilinyamaza, tukasali Rozari, tukalala.

Kazi ilikuwa na majira yake: kabla ya Noeli, kabla ya Pasaka, na kabla ya watoto kurudi masomoni katika Septemba, nguo nyeupe na buluu zilipojaa nyumba nzima. Pièce nzima ya kikwembe ina yardi 6. Mama aliikata mara tatu: cha kwanza cha kufunga, cha pili cha kujifunika au kubebea mtoto, cha tatu cha kushona blauzi. Alipima mara mbili kabla ya kushika makasi, kwani kitambaa kikikatwa vibaya hakirudi. Nami nilijifunza nusu na robo chini ya meza ile, kwa kamba ya kupimia, kabla mwalimu hajaniandikia ubaoni.

Nilipokwenda seminari ndogo, tuliletewa orodha: mashati meupe mawili, kaputula mbili, shuka, na mfuko wa nguo chafu, vyote vyenye namba ya mwanafunzi. Mama hakununua hata kimoja. Alivishona vyote, na namba yangu akaitia kwa uzi mwekundu. Minervali nayo ilitoka katika blauzi za watu wengine.

4. Kitambaa cha jirani

Sasa nifike katika neno lililonisukuma kusema leo.

Katika Machi 1993 mauaji yalianza Ntoto, katika teritware ya Walikale, yakapanda mpaka Masisi. Wazee wanayakumbuka. Watu waliokuwa wakinywa maziwa katika kibuyu kimoja waliogopana, vijiji vikaungua, jirani akakimbia huku na jirani akakimbia kule. Siku hizo mama alikuwa na vitambaa vya watu ambavyo havijaisha. Kimoja kilikuwa cha mama jirani wa kabila lililohesabiwa kuwa adui wa kabila letu. Alikuwa amelipa nusu ya bei.

Watu wakamwambia mama: «Kiuze. Mwenyewe hatarudi tena.» Wengine walisema maneno mabaya zaidi, nisiyoweza kuyatamka ndani ya nyumba hii. Mama akajibu: «Nguo hii ina mwenyewe. Nilimpima kwa mikono yangu.» Tulipokimbia alikifunga kitambaa kile pamoja na nguo zetu. Mashini ilibaki. Huko tulikohifadhiwa akakimaliza kwa sindano ya mkono.

Mwanzoni mwa 1994 palikuwa na utulivu kidogo, na watu wakaanza kupitapita. Mama akatuma habari kwa njia ya mkatekista mmoja. Yule jirani akaja, wakakutana uwanjani mwa kanisa, mbele ya watu. Hawakusema mengi. Yule mama alijaribu blauzi juu ya nguo yake, ikamkaa vema, ingawa alikuwa amekonda. Akataka kulipa nusu iliyobaki. Lakini fedha yenyewe ilikuwa imebadilishwa katika Oktoba 1993: zaire milioni tatu za zamani zilikuwa zaire moja mpya, na deni lile halikuweza hata kuhesabiwa. Basi akaenda, akarudi siku ya soko na kikapu cha maharagi. Mama akakipokea. Nilipomwuliza kwa nini alipokea kwa mtu maskini kama yule, alinijibu: «Ningekataa, ningemfanya mwombaji. Yeye ni mteja wangu.»

Ndugu wapenzi, nimefundisha amri kumi kwa miaka mingi. Nimefundisha upendo wa jirani kwa maneno ya kitabu. Lakini ninapotaka watoto waelewe ni nani aliye jirani, ninawasimulia kitambaa kile. Kamba ya kupimia haiulizi kabila.

5. Hali ya leo

Mnajua kwamba vita havikutuacha. Katika Januari 2025 viliingia Masisi-kati na Goma, na katika Machi vikafika Walikale-kati. Mara ngapi mama amekimbia akiwa na mtoto mgongoni na kichwa cha mashini ndani ya kikapu! Anaacha meza, anaacha miguu ya chuma, anachukua kichwa, kwa sababu anajua kwamba penye kichwa cha mashini watoto watakula.

Kanisa limeliona jambo hili. Kule Dungu, katika Haut-Uele, Sista Angélique Namaika, ambaye mwenyewe alikimbia vita mwaka 2009, aliwakusanya wanawake na wasichana walioteswa na waasi wa LRA, akawafundisha kushona, kuoka mikate na kusoma. Alizunguka kwao kwa baiskeli. Mwaka 2013 shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi likampa zawadi ya Nansen. Hakuanza na jengo kubwa. Alianza kwa kuketi karibu na mwanamke aliyevunjika moyo na kumpa kazi ya mikono.

Na sheria ya nchi nayo imetembea. Sheria ya jamaa ya mwaka 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mume wake kwa mapatano mengi. Hata kununua mashini kwa deni alihitaji ruhusa. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliiondoa ruhusa hiyo, na mume na mke wanapaswa kupatana. Lakini ninyi akina baba mnajua, nami ninajua, kwamba katika nyumba nyingi sheria hiyo haijaingia hata barzani.

6. Mashauri

Kwanza, kwa akina baba. Fedha ya mashini si fedha ya pombe. Mtu akichukua mapato ya mke wake bila mapatano, anaiba minervali ya watoto wake mwenyewe. Na yule anayeuza mashini ya mke wake ili amalize deni lake, asije siku ya Pasaka kuomba apewe shati jipya.

Pili, kwa wasichana. Jifunzeni kushona, na jifunzeni vitabu. Moja lisimfukuze mwenzake. Mama yangu alisoma kidogo, akashona sana, ili watoto wake wa kike wasome zaidi yake.

Tatu, kwa sisi wote wa parokia. Kila mwaka, wakati wa Komunyo ya kwanza, watoto wanatoweka katika kalasi yangu juma la mwisho. Wanajua Katekismo, wanajua sala, lakini hawana nguo nyeupe, na wanaona haya. Hii ni aibu yetu, si yao. Mama yangu alikusanya mabaki ya vitambaa vyeupe, akaunganisha, akaweka ndani ya sanduku nguo saba za kuazimwa. Mtoto alivaa, alipokea, alirudisha zimefuliwa. Hakuna aliyejua ni nani ameazima na ni nani amenunua.

Ninaomba jubilei hii ituachie sanduku la namna hiyo katika kila shirika. Jengo tulilolitamani litangoja amani. Sanduku halihitaji kungoja. Wenye fedha walete kitambaa, akina mama washone, na washonaji walipwe haki yao, kwa maana mfanyakazi wa Kanisa naye ana tumbo. Tangu mwaka ujao asikose mtoto hata mmoja kwenye Meza ya Bwana kwa sababu ya nguo.

Katika ubatizo tulivikwa nguo nyeupe, tukaambiwa tuichukue bila doa mpaka uzima wa milele. Mavazi yale yalishonwa na mama wa kabila hili na mama wa kabila lile, na siku ile hatukuuliza. Tusiulize leo.

Bikira Maria, aliyemfunika Mwanae nguo za kitoto katika Betlehemu, awaombee mama zetu walio hapa, walio mbali njiani, na waliolala katika Bwana.

 Yezu Kristu asifiwe.