NANI ATAPALILIA SHAMBA LA MWANAMGAMBO?
(Maneno ya Katibu mkutanoni, yamenakiliwa kwa ajili ya wasiofika)



Habari mmeshaisikia. Vijana wanaandikishwa mafunzo ya mgambo, miezi minne: gwaride, silaha, kusoma ramani, huduma ya kwanza. Mshahara hakuna. Mimi sikusimama hapa kumshawishi mtu wala kumzuia. Nina swali la ushirika tu.

Mgambo ni jeshi la akiba la sisi wakulima. Januari 1971 Amin alipindua serikali kule Uganda, na mwaka huohuo Mwongozo wa TANU ukataka wananchi wenyewe wajue kujilinda. Basi alipovamia Kagera Oktoba 1978, jeshi letu lilipanuliwa haraka. Inakadiriwa wanamgambo 40,000 hivi waliingia, na Aprili 11, 1979 Kampala ikaanguka. Wazee mliomo humu mnawajua waliokwenda.

Sasa nani alilima nyuma yao? Baba yangu mdogo alikwenda. Mama mdogo akapalilia peke yake, mtoto mgongoni, mpaka majani yakaimeza pamba. Majirani hawakuwa wabaya, la. Hakuna aliyekuwa amepanga kitu.

Na jambo hili si letu peke yetu. Uingereza walipoamua kupunguza wanajeshi wa kudumu kutoka kama 102,000 hadi 82,000, walitaka wale wa akiba, watu wenye kazi zao za kila siku, wafike 30,000 waliofunzwa. Mwaka 2014 wakawabadilishia hata jina. Lakini fundi mwenye wafanyakazi watano, mmoja akiitwa jeshini, atafanyaje? Sheria ya mwaka huohuo ikaruhusu mwajiri mdogo alipwe hadi pauni 500 kwa mwezi kwa kila aliyeitwa. Pamoja na hayo, watu walijaa polepole.

Sisi mwajiri wetu ni shamba, na shamba halipokei pauni.

Kwa hiyo kamati inaleta pendekezo. Kila mwanachama, au mtoto wa mwanachama, akienda mafunzoni wakati wa palizi, kikundi chake cha watu kumi kimpalilie ekari moja ya pamba, mara mbili, siku ya Jumamosi. Ekari moja, jamani, si tano! Mwenye tano aje tuzungumze.

Nimesikia huko nyuma mtu anauliza, je, anayejiandikisha ili aikimbie palizi? Swali zuri, msicheke. Anayetoroka mafunzo atazirudisha siku zile, jembe kwa jembe, kwenye mashamba ya waliomsaidia. Anayerudi kwa ugonjwa hadaiwi.

Na wake zao wasingoje kuitwa na mume ndipo waseme. Mwenye shamba akiondoka, mwenye sauti ni aliyebaki nalo.

Daftari liko kwa mtunza stoo. Andikeni jina la kijana na mahali shamba lilipo. Kura ni Jumamosi, saa nne asubuhi, hapahapa ghalani.