Vuli ya Ugenini na Vuli ya Nyumbani



Sisi tunaoishi Ulaya na Marekani tumejifunza kuipenda Oktoba. Majani ya miti hugeuka manjano na mekundu, baridi huingia taratibu, maboga hujaa sokoni. Watoto wetu huokota majani bustanini na kuyaleta nyumbani. Wengine majira hayo huyaita vuli.

Lakini vuli ya Bariadi ni mvua. Wakati wenyeji wa huku wanafunga mashamba yao, wazee wetu kule Itilima, Maswa na Meatu wanatazama mawingu, na Novemba mbegu za pamba zinaingia ardhini. Raha yetu ya mavuno, pamoja na michembe inayoanikwa juani, hungoja hadi kipupwe.

Ndiyo maana tunawaomba mchango sasa, si Januari. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati hutoa lita moja ya maji. Paa la darasa lenye mita za mraba 80, likinyeshewa milimita 10 tu, hutoa karibu lita 800. Pasipo gata na tangi, maji hayo yote hupotelea mchangani, na mwanafunzi hubaki na ndoo yake kichwani.

Haba na haba hujaza kibaba. Tuchange, matangi yawe tayari kabla ya tone la kwanza.