Takwimu za Mji Zianzie Mtaani

(Mazungumzo haya yalitolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma mjini Musoma.)



Nimetakiwa niseme machache juu ya masomo ya uzamili yanayowafunza vijana wetu kuchambua takwimu ili kutatua matatizo ya miji. Mahali pa kusomea pako humu nchini: Chuo Kikuu cha Ardhi hufunza mipango miji, na Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika hufunza watakwimu. Swali langu ni elimu hiyo inamfaa nini mkazi wa Nyasho au Makoko.

Tutazame hesabu yetu wenyewe. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 134,327 katika Manispaa ya Musoma. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu 164,172. Msomaji mwenye haraka atasema mji umekua, kisha atafunga daftari. Lakini ongezeko hilo ni kama asilimia 2 kwa mwaka, ilhali taifa zima liliongezeka kwa asilimia 3.2. Mji wetu, ambao kila siku tunalalamika kwamba umejaa, ulikua polepole kuliko nchi! Je, vijana wamekwenda Mwanza na kwenye machimbo ya dhahabu? Je, ni uhaba wa samaki? Au watu wamejenga nje ya mpaka wa Manispaa, upande wa Butiama, wakawa wanalala huko na kushinda hapa mjini? Kila jibu lina bajeti yake. Ikiwa vijana wamehama, tatizo ni ajira. Ikiwa watu wamevuka mpaka tu, basi soko, barabara na zahanati zetu zinabeba umati ambao hesabu ya Manispaa haiuonyeshi. Hilo ndilo swali linalostahili tasnifu.

Kuna mfano wa kuigwa. Kuanzia mwaka 2015, katika mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishirikiana na wakazi wa kata zinazokumbwa na mafuriko jijini Dar es Salaam, wakachora nyumba, vichochoro na mitaro. Mwanafunzi alijua kutumia mitambo. Mkazi alijua maji hufika wapi mvua inapokuwa kubwa. London mwaka 1854 ilikuwa vivyo hivyo. Daktari John Snow alihusisha vifo vya kipindupindu na bomba moja la maji, na sifa anazo hadi leo. Kasisi Henry Whitehead, aliyezijua kaya za mtaa ule na kuthibitisha jambo lenyewe nyumba kwa nyumba, hatajwi sana.

Huku kwetu mambo huenda kinyume. Mtafiti huja na karatasi za maswali, huwasumbua watu wiki mbili, huondoka. Tasnifu huandikwa kwa Kiingereza, ikapigwa jalada gumu na kuwekwa rafuni. Mwenyekiti wa mtaa aliyemtembeza juani haoni hata ukurasa mmoja.

Napendekeza mtumishi anayepewa ruhusa ya kusoma uzamili aondoke na swali lililoandikwa na halmashauri yake, na akirudi asome majibu kwa Kiswahili katika mkutano wa mtaa. Walimu nanyi mna sehemu yenu. Vishikwambi vilivyotumika katika sensa ya mwaka 2022 viligawiwa kwa walimu. Kwa chombo hicho hicho wanafunzi wa sekondari wanaweza kufunzwa kupima umbali kutoka kila kaya hadi bomba la karibu.

Lakini tahadhari. Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 zinalinda siri za watu. Ramani ya ugonjwa isigeuzwe orodha ya kuwaaibisha majirani.

Kazi ya kwanza haihitaji kungoja shahada ya mtu yeyote. Daftari la wagonjwa wa kuhara liko zahanati, na orodha ya wateja wa maji iko MUWASA. Zikiondolewa majina na kuwekwa pamoja kwa kila mtaa, maafisa wawili wanaweza kuanza kuzilinganisha Jumatatu ijayo.