Mshubiri ni wa Ngozi, si wa Tumbo la Mtoto

  

Leo tunazungumzia mmea ambao pengine uko hapo mlangoni pako, ndani ya mkebe wa rangi. Ni mshubiri, ambao wengi wetu tumezoea kuuita alovera.

Ukipita Barabara ya Ngong utauona kwa wauza miche kando ya njia. Kawangware, Riruta, Waithaka hadi Mutuini, watu wanaupanda. Hudumu miaka mingi, hautaki maji mengi, na ukichanua hutoa maua mekundu, ya machungwa au ya manjano, ambayo ndege chozi huja kufyonza. Tena ni dawa ya tangu jadi. Wakamba wana kiluma, Wamaasai wana osuguroi, na hiyo yote ni mishubiri ya kwetu.

Basi tatizo liko wapi? Kata jani moja uangalie. Utaona vitu viwili. Chini tu ya ngozi ya jani hutoka maji ya manjano, machungu sana. Hiyo ndiyo shubiri yenyewe, ile tunayosema "chungu kama shubiri". Katikati ya jani mna ute mweupe unaoteleza. Ute huo hutuliza ngozi. Yale maji ya manjano ni dawa kali ya kuharisha. Mama anayechanganya vitu hivi viwili anaweza kumdhuru mtoto wake bila kukusudia.

Wako akina mama wanaopaka shubiri kwenye chuchu ili mtoto aache kunyonya. Wengine huchemsha majani na kumnywesha mtoto mwenye homa, minyoo au tumbo linalouma. Mama, usifanye hivyo. Shubiri huyasukuma matumbo na kuvuta maji ya mwili. Mtoto huharisha, na mtoto mdogo huishiwa na maji upesi. Mwaka 2002 serikali ya Marekani iliondoa madukani dawa za kuharisha zilizotengenezwa kwa shubiri, kwa sababu watengenezaji hawakuonyesha kwamba ni salama. Usimpe mtoto aliye chini ya miaka 12. Nawe usinywe ukiwa mjamzito au unanyonyesha.

Ikiwa wakati wa kumwachisha mtoto umefika, mwachishe polepole. Punguza nyonyo moja ya mchana kwanza, umpe uji au maziwa kwa kikombe. Baada ya siku kadhaa punguza nyingine. Usiku baba au nyanya ambembeleze. Na kumbuka, mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi miaka 2 au zaidi.

Je, kama ameshameza na anaharisha? Endelea kumnyonyesha, mpe maji ya ORS kidogo kidogo, na umpeleke kliniki. Macho yakiingia ndani, akilia bila machozi, asipokojoa au akilegea, usingoje kesho. Mwambie muuguzi ukweli kuhusu ulichompa. Hakuna aibu katika kuokoa mtoto.

Sasa tuje kwenye faida. Wengi wetu tunaishi na kupika katika chumba kimoja, jiko likiwa sakafuni. Chai humwagika, mtoto akaungua. La kwanza si mshubiri. La kwanza ni maji. Mwagia mahali palipoungua maji safi ya kawaida kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, siagi, unga wala yai. Ikiwa kidonda ni kikubwa kuliko kiganja cha mtoto, kimetoa malengelenge, au kiko usoni, mikononi au sehemu za siri, kifunike kwa kitambaa safi na uende hospitali mara moja. Mtoto mchanga aliyeungua aende hospitali hata kama ni kidogo.

Ikiwa ni wekundu kidogo tu na ngozi haikupasuka, ute unaweza kusaidia baada ya yale maji. Nawa mikono. Kata jani la chini lililokomaa. Lisimamishe kwenye kikombe kwa robo saa, maji ya manjano yatoke yote. Lioshe, limenye, toa ule ute mweupe. Paka kidogo kwanza kwenye mkono wako, kisha wa mtoto, uone kama unawasha. Usiuweke kwa siku nyingi. Kata mpya kila mara.

Je, unataka kupanda? Omba jirani kichipukizi kinachoota kando ya mmea mkubwa. Kiache kivulini siku mbili au tatu, kidonda chake kikauke. Toboa mkebe chini, changanya udongo na mchanga, panda penye jua. Mwagilia udongo ukikauka tu, na mwezi wa Julai wakati wa baridi punguza zaidi, maana maji mengi huozesha mizizi. Usichimbe wa porini. Mwaka 1986 Rais Moi alipiga marufuku uvunaji wa mishubiri ya porini, kwa sababu ilikuwa ikimalizwa. Na hakikisha ni mshubiri kweli. Mkonge hufanana nao, lakini maji yake huwasha ngozi.

Weka mkebe huo mahali mtoto hafiki. Mwonyeshe maua, lakini usimwonjeshe jani.

Basi, mama, shika neno moja la leo: mshubiri ni wa ngozi, si wa tumbo la mtoto. Mwambie na jirani yako mkikutana mferejini.